Glasi ya Wageni

Glasi yenyewe ilikuwa ya kawaida, ila ilikaa peke yake. Katika kabati la ofisi ya meneja ilikuwa na rafu yake, imefunikwa kitambaa cheupe, na hakuna aliyethubutu kuinywea chai. Ilitoka siku za wageni tu. Siku hizo msimamizi wa maji taka alivaa tai, akaipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepewa mtoto mchanga, akaenda nayo hadi kwenye bomba lililo mwisho wa mabwawa. Aliijaza, akaiinua ili wageni waone jua likipenya ndani yake, kisha akanywa yote bila kupumua. Wageni walipiga makofi. Meneja naye alitabasamu, akasema maneno yake ya siku zote kwamba kampuni yenye wajibu haimwachii jirani kitu ambacho yenyewe haiwezi kukinywa.

Kiwanda kilikuwa cha kutia rangi vitambaa. Maji yaliyokwisha kazi yalitoka katika vyumba vya rangi yakiwa mekundu au ya bluu kufuatana na kitambaa cha siku hiyo. Yaliingia bwawa la kwanza yakatulia, la pili yakatiwa dawa, la tatu yakatulia tena, halafu yakapita kwenye chujio kubwa la mchanga na mkaa ndipo yakaachiwa kijitoni. Ndivyo ulivyosema ubao uliosimama getini, na kwa muda mrefu ubao ulisema kweli. Wazo la kunywa lilikuwa la msimamizi mwenyewe. Mgeni mmoja alimuuliza kwa dharau kama maji hayo yamesafika kweli, naye, mtu aliyeanza kazi pale kwa kubeba marobota na kupanda cheo kwa kusoma jioni baada ya zamu, alikasirika, akachota kwa kiganja akanywa. Yalikuwa na ladha ya chuma kidogo. Hayakumfanya lolote. Tangu hapo ikawa desturi ya kiwanda, na wafanyakazi wakampa jina la Bwana Glasi, na jina hilo alilipenda kuliko alivyokubali kusema.

Kisha chujio likapasuka.

"Jipya tumeagiza," meneja alimwambia. Alikuwa mama mpole, asiyepandisha sauti hata kwa mlevi. "Lakini wanunuzi wanafika wiki hii. Kwa ziara hii moja tu, lile bomba tuliunge na la mji. Maji ni maji, mzee wangu."

Fundi bomba alichimba mtaro mfupi, akaunga, akafukia, akapanda na majani juu yake. Wanunuzi walikuja, wakapiga makofi, wakaondoka. Chujio halikuja. Walikuja wanunuzi wengine, kisha watu wa benki, kisha wanafunzi wa chuo, na kila mara glasi ikatoka kabatini.

"Mzee, polepole," fundi bomba alikuwa akimnong'oneza kila akipita. "Utalewa maji ya mji. Siku moja watakuletea na limau."

Msimamizi alicheka mara ya kwanza. Baadaye akawa anapita kama hakusikia. Moyoni alijipa hoja, maana mtu aliyesoma kwa shida hakosi hoja: maji yanapita mabwawa matatu bado, si kwamba yanatoka machafu kabisa, na watu wa kule chini hawayanywi, wana kisima chao kilimani. Ya kijito ni ya kumwagilia mboga na kuosha sakafu. Kwa hoja hizo mbili alilala vizuri.

Mwisho wa mwaka kampuni ikatoa kalenda. Juu ya miezi yote kumi na miwili alikuwa yeye, tai imenyooka, glasi mdomoni, jua ndani ya glasi. Chini yake maandishi makubwa: Maji Yetu, Ahadi Yetu. Gari la kampuni lilizigawa bure, nyumba kwa nyumba, na nyumba nyingi zilizogawiwa zilikuwa kule chini, kandokando ya kijito.

Huko ndiko alikokaa dada yake.

Dada huyo ndiye aliyemlea. Mama yao alipofariki msimamizi alikuwa bado hajatembea, na dada, binti mdogo wa kukaa shuleni, aliacha shule akamfunga mgongoni. Hakuolewa mapema kwa ajili yake. Hakurudi darasani kamwe. Mdogo wake alipofaulu cheti chake cha jioni, mtu mzima mwenye mvi za kwanza, dada alikizungusha mtaa mzima akiwaonyesha watu wasiojua kusoma na yeye mwenyewe hajui. "Huyu nimembeba kwa mgongo huu," alikuwa akisema, akijigeuza ili mgongo uonekane. Kalenda ilipoletwa aliibusu. Akaitundika sebuleni mkabala na mlango, ili anayebisha hodi aone picha kabla ya kumwona mwenye nyumba.

Msimamizi alikuwa na kazi nyingi, hakwenda kule mara kwa mara. Ndipo siku moja dada akapiga simu.

"Mdogo wangu, njoo Jumapili. Nakuhitaji."

"Kuna nini, dada? Unaumwa?"

"Siumwi, nina maneno ya watu tu. Na uvae ile tai."

Alikwenda. Aliposhuka mteremko aliona kijito kina rangi ya zambarau, akakumbuka kwamba Jumamosi walipika zambarau. Majirani nao walijua. Ilikuwa mzaha wao wa zamani. Mwanamke mmoja aliyekuwa akifua mlangoni kwake alimpigia kelele: "Shikamoo! Kesho mnatupikia rangi gani? Nina gauni la kijani nataka lifanane!" Akaitikia marahaba na kupita haraka.

Uani kwa dada palikuwa na mabenchi mawili, na mabenchi yalijaa. Alikuwapo kinyozi wa pale njiani, mtu wa maneno. Alikuwapo mama wa mapacha, bado kijana, mtoto mmoja paja hili na mwingine paja lile. Walikuwapo wazee wawili watatu na jirani wa ukuta mmoja. Katikati palikuwa na meza yenye kitambaa cha kufuma, na juu ya meza jagi lililofunikwa kisahani, na glasi moja, mpya, bado ina alama ya gundi ya dukani.

"Karibu, baba, karibu kiti," dada alisema. Alikuwa amevaa nguo yake ya sherehe. Alipompa mkono, msimamizi alihisi vidole vyake vinakwaruza, akavitazama. Ngozi ilikuwa imebabuka hadi kwenye kucha.

"Hii nini, dada?"

"Sabuni. Keti."

Akaketi. Dada akabaki amesimama, mkono kiunoni, akiwatazama majirani mmoja mmoja.

"Haya. Mwenyewe huyu hapa. Si mlisema siwezi kumleta? Semeni sasa."

Kinyozi akakohoa.

"Mzee, sisi hatuna ugomvi na wewe," alisema. "Ni hivi. Zamani kijito tulikiogopa. Tulikwenda kisimani, foleni ndefu, mlima mkali, lakini tulikwenda. Ilipokuja kalenda yako, dada yako hapa akasimama kwenye mkutano wa mtaa akasema: mdogo wangu hawezi kunywa sumu, na kama anakunywa yeye, nami nakunywa. Akaacha kwenda kisimani. Magoti yake unayajua. Basi na sisi tukamfuata, mmoja mmoja. Sasa wateja wangu nikiwanyoa wanaondoka wanajikuna videvu kama mbuzi. Nikisema ni maji, mama huyu ananiambia ni wembe wangu."

"Wembe wako una kutu tangu nikujue!" dada akamrukia, na watu wakacheka.

"Watoto wangu matumbo hayatulii," alisema mama wa mapacha kwa sauti ndogo. "Mama mkubwa anasema ni meno."

"Ni meno," alisema dada. "Watoto wote wanaota meno." Kisha akamgeukia mdogo wake, na sauti yake ikalainika. "Umewasikia. Wananisema, mdogo wangu. Mimi na uzee huu naitwa mwongo. Sitaki ubishe nao. Fanya kama unavyofanya kule kazini. Nimeyachota asubuhi hapo chini, nimeyaacha yakatulia. Kunywa mbele yao, maneno yaishe."

Akaondoa kisahani, akamimina.

Yalikuwa maangavu kuliko alivyotarajia, na zambarau ya mbali sana, kama maji yaliyosuuziwa kikombe cha mvinyo. Msimamizi aliipokea glasi kwa mikono miwili kwa mazoea. Alipoisogeza, pua yake ilitambua kila kitu kabla ya mdomo: dawa ya kushikisha rangi, chumvi ya kupikia rangi, mafuta ya mashine. Ilikuwa harufu ya nguo zake za kazi. Mkewe alikuwa akizifua kando, mbali na za watoto.

Aliinua macho. Dada hakuwa akitazama glasi. Alikuwa akiwatazama majirani, kidevu juu, tayari kushinda.

Angeweza kusema pale pale. Hilo aliliona wazi, kama mlango ulio wazi. Maneno yenyewe yalikuwa machache. Lakini mabenchi mawili yalimkazia macho, na nyuma yao, kupitia mlango wa sebule, alijiona mwenyewe ukutani na tai ile ile. Akainua glasi juu hadi jua lipenye. Akanywa yote bila kupumua.

"Umeona!" dada akapiga kofi moja kubwa. "Umeona! Haya kinyozi, kanunue wembe!"

Watu wakacheka kwa faraja. Mzee mmoja akasema basi, yaishe. Mama wa mapacha akainuka, akamfunga mmoja mgongoni na mwingine akamweka kiunoni.

"Ahsante, baba," alimwambia msimamizi, na alimaanisha. "Leo nilikuwa nijikaze kwenda kisimani. Acha nichote hapo chini nikawapikie uji."

Msimamizi aliomba njia ya msalani. Hakufika. Nyuma ya jiko, penye rundo la kuni, alishika ukuta, akatia vidole viwili kooni, akatapika. Alitapika maji, kisha chai ya asubuhi, kisha hakukuwa na kitu na bado alijiingiza vidole. Tai ilikuwa imelowa. Alipogeuka, dada alikuwa amesimama pembeni na kopo la maji ya kunawa mkononi.

Hakuuliza kama anaumwa. Mtu aliyemlea mtoto anajua kutapika kwa ugonjwa na kutapika kwa makusudi.

"Yale ya kule kazini," alisema, "ni maji ya wapi?"

Alijaribu kusema habari za chujio. Habari za ziara moja tu.

"Nimekuuliza ya wapi."

"Ya mji."

"Ya mji." Akaliweka kopo chini taratibu. "Tangu lini?"

"Kabla ya kalenda."

Dada akavitazama vidole vyake, mbele na nyuma, kama vya mtu mwingine. "Mimi sijui kusoma," alisema. "Nilikusoma wewe."

Kisha akakaza nguo yake kiunoni na kuondoka. Msimamizi alibaki nyuma ya jiko. Ukuta ulikuwa mwembamba, na sauti ya dada yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kuita watoto toka mbali.

"Wewe, mama mapacha! Rudi! Mwaga hayo!"

"Kuna nini, mama mkubwa?"

"Mwaga. Msinywe, wala msipikie. Keti chini, kinyozi, nasema na wewe pia. Nilikosea. Ni mimi. Nilisema nisiyoyajua, nikawaingiza na ninyi. Wembe wako hauna neno. Na hao watoto si meno. Nisameheni."

Hakutaja jina la mdogo wake. Hakusema "alinidanganya". Alisimama pale na nguo yake ya sherehe, akaipakata aibu yote peke yake, kama alivyompakata yeye.

Msimamizi aliwahi kuaibika maishani. Aliwahi kukemewa mbele ya wadogo zake kikazi, na kufeli mtihani mmoja akiwa baba wa watoto watatu. Hayo yote yalimpitia nje. Hili liliingia ndani na kukaa. Akatoka nyuma ya jiko jinsi alivyokuwa, tai imelowa, na alipofika kwenye mabenchi hakupata pa kuweka mikono yake.

"Si yeye," alisema. "Ni mimi. Ninayokunywa kule ni ya bomba la mji. Haya yenu siwezi kuyanywa. Nimetoka kuyatapika sasa hivi."

Alitegemea watamtukana. Angeshukuru. Mama wa mapacha alimtazama tu, akavuta pembe ya kitambaa cha mgongoni akamfuta mtoto mdomo, ingawa mdomo haukuwa na kitu, kisha akaondoka bila kuaga. Wazee wakainuka kwa shida zao. Kinyozi alikuwa wa mwisho.

"Mzee," alisema, "mimi siku zote nilidhani picha ile uliambiwa tu ujifanye unakunywa. Mtu wa kazi huambiwa. Lakini hapa leo nani alikuambia?"

Naye akaondoka.

Dada alichukua ndoo mbili akaanza kupanda mlima. Msimamizi akamfuata, akamshikia ndoo moja. Dada aliiachia bila kugeuka. Kisimani foleni ilikuwa imejaa. Watu wa foleni walikuwa wamekwisha kusikia, maana maneno hupanda mlima haraka kuliko magoti. Hakuna aliyewatukana wala kuwasogezea nafasi. Walisimama nyuma kabisa, na njia nzima ya kurudi dada hakumwambia ila neno moja, walipofika kwenye mawe: "Angalia mguu."

Ijumaa wanunuzi wapya walifika. Walikuwa watatu na mkalimani wao, na mkataba wao ungelisha kiwanda mwaka mzima. Kila aliyevaa ovaroli siku hiyo alilijua hilo. Meneja alitoa kitambaa cheupe, akatoa glasi, akampa msimamizi.

Msimamizi alikwenda hadi kwenye bomba. Hakulifungua.

"Leo sinywi," alisema.

Fundi bomba, aliyekuwa ameegemea pampu, akasimama wima. Meneja akatabasamu. "Mzee wetu anapenda mzaha," aliwaambia wageni.

"Kwa nini hanywi?" mkalimani aliuliza kwa niaba yao.

Tangu Jumapili alikuwa amejiandalia hotuba. Aliiandika kichwani kwa maneno mazuri ya vitabuni: wajibu, mazingira, vizazi vijavyo. Sasa hakuna hata moja lililokuja. Alionyesha kwa glasi yenyewe.

"Haya ni ya mji," alisema. "Yetu yanapita kule nyuma ya ua. Yanakwenda kwa dada yangu."

Mkalimani alisita, kisha akatafsiri. Wageni walitazamana, wakaenda nyuma ya ua kuona. Siku hiyo walikuwa wamepika njano.

Meneja alikaa karibu naye wageni wakiwa kule. Hata hapo hakupandisha sauti. "Ungeniambia jana, mzee wangu. Jana ningekuelewa. Umetuaibisha."

"Ndiyo, mama," alisema.

Alidhani kusema kweli kungempunguzia mzigo. Watu husema hivyo. Hakupungukiwa. Wanunuzi walisema hawasaini hadi waone chujio likifanya kazi, na chujio, lililoshindikana muda wote huo, likaonekana kumbe linapatikana. Lakini hadi lifike na kufungwa zamu zilipunguzwa, na wabebaji wa marobota, kazi aliyoanzia yeye, walimpita getini wakiwa wamekaza midomo. Yeye hakufukuzwa. Alirudishwa kwenye mabwawa kupima dawa, na kazi ya kuwapokea wageni akapewa mwingine. Hakuna aliyemwita Bwana Glasi tena. Fundi bomba naye aliacha mzaha, na ukimya wake ulimsumbua kuliko mzaha.

Kila Jumapili alikwenda kule chini, akapanda kisimani, akamjazia dada yake mapipa. Dada alimpokea. Alimpa kiti na chai, akamuuliza hali ya mkewe na watoto. Vidole vilianza kupona. Lakini hakusema tena mbele ya mtu habari za mgongo wake, na mgeni akibisha hodi aliinuka haraka kumpokea nje.

Kalenda ilikuwa bado ukutani, mkabala na mlango. Siku moja, dada akiwa jikoni, msimamizi alisimama akaishika pembe ili aitoe kwenye msumari.

"Unafanya nini?" dada aliuliza, yuko mlangoni na vikombe.

"Naitoa, dada. Ya nini sasa?"

Dada aliweka vikombe mezani, akaja, akainyoosha ile pembe kwa kiganja chake hadi ikalala sawa ukutani.

"Iache," alisema. "Mwaka bado haujaisha."

Akamsogezea kiti, kile kinachotazama ukuta, akammiminia chai.